Kubadilisha madirisha ya nyumba: Mambo ya kukubaliana na fundi kabla ya kutoa fedha

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huwakumbusha wenye nyumba wengi wa Kampala na miji ya jirani jambo walilolisahau wakati wa jua: fremu iliyoliwa na kutu, kioo kilichopasuka, na maji yanayopenya pembeni mwa dirisha hadi ndani ya lipu. Hapo fundi huitwa kwa haraka, bei hutajwa kwa mdomo, na fedha za kuanzia hutolewa kabla hata futi kamba haijafunguliwa.

Kazi ikiharibika, lawama huelekezwa kwenye kioo au alumini. Lakini mara nyingi kasoro ilikwishaingia mapema zaidi, siku ambayo pande mbili zilikubaliana bila kuandika ni dirisha la aina gani, la vipimo gani, litakalolipiwa kwa hatua zipi. Makala haya yanaeleza mambo yanayopaswa kuamuliwa kabla ya kazi, yanayopaswa kukaguliwa baada ya kazi, na kinga ambazo sheria za Uganda zinampa mwenye nyumba, hata asiyesoma Kiingereza.

Kukarabati au kuondoa?

Si kila dirisha bovu linahitaji kuondolewa. Madirisha ya chuma yaliyomo katika nyumba nyingi za zamani hushikilia vioo kwa puti. Puti ikikauka na kupasuka, maji hupita, na dirisha zima huonekana limekwisha ilhali fremu bado ni imara. Njia nyepesi ya kupima ni kukwangua kutu kwa bisibisi. Ikiwa chini yake chuma bado ni kigumu, huenda msasa, rangi ya kuzuia kutu, puti mpya na bawaba mpya vikatosha. Bisibisi ikizama au ikitoboa, hasa kwenye pembe za chini ambako maji hutuama, fremu hiyo imemaliza kazi yake.

Nyufa zinazopanda kutoka kwenye pembe za juu za dirisha ni suala jingine. Huenda zikawa dalili ya udhaifu wa linta, yaani boriti ya zege inayobeba uzito wa ukuta juu ya uwazi wa dirisha. Fremu mpya haiponyi linta iliyochoka. Kadhalika, anayetaka kupanua dirisha kwa kubomoa sehemu ya ukuta asitegemee neno la fundi wa vioo peke yake. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 imeweka kamati za ujenzi wilayani na mijini. Ni busara kuuliza katika ofisi ya halmashauri kuhusu kibali kabla ya nyundo ya kwanza, na kumwita mhandisi aikague linta. Mpangaji naye apate kwanza idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, ikitaja ni nani atakayebeba gharama.

Kukwangua rangi ya zamani kuna hatari yake, kwa kuwa baadhi ya rangi za miaka iliyopita zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Watoto na wajawazito wakae mbali siku ya kazi, vyombo vya chakula vifunikwe, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa likiwa kavu.

Chuma, mbao au alumini

Chuma ni imara, hurekebishwa na fundi yeyote wa kuchomelea, na grili huweza kuunganishwa nacho moja kwa moja. Adui wake ni kutu, hasa kwenye sehemu zilizochomelewa zikiachwa bila rangi. Mbao hupendeza na hazipitishi joto kama chuma, ila hutaka ulinzi dhidi ya mchwa, na mbao mbichi hujipinda zikikauka. Alumini haioti kutu kama ya chuma na ni nyepesi, lakini ubora wake hutegemea unene wa vipande vyake. Fremu nyembamba hupinda chini ya uzito wa kioo.

Uzito huo si mdogo. Kioo chenye eneo la mita mraba moja huwa na takriban kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Kwa hiyo dirisha la sentimita 120 kwa 120 lenye kioo cha milimita 5 hubeba kilo 18 za kioo, bila kuhesabu fremu. Magurudumu ya dirisha la kuteleza yakiwa hafifu, litaanza kukwama mapema.

Namna dirisha linavyofunguka nayo ina uzito wake. Dirisha la kuteleza lenye vipande viwili hufunguka nusu tu. Kwa dirisha lile lile la sentimita 120 kwa 120, uwazi wa mita mraba 1.44 hubaki 0.72. La bawaba hufunguka karibu lote. Anayeng'oa madirisha ya bawaba na kuweka ya kuteleza yenye ukubwa uleule amepunguza karibu nusu ya uwazi unaopitisha hewa chumbani, na wengi hugundua hilo usiku wa kwanza wenye joto.

Kwa vioo, tofauti muhimu ni tatu. Kioo cha kawaida huvunjika kuwa vipande vyenye makali. Kioo kilichoimarishwa kwa moto huvunjika kuwa chembe ndogo butu, lakini hakikatiki tena baada ya kuimarishwa, hivyo kosa la kipimo humaanisha kununua kingine. Kioo cha tabaka mbili zenye utando katikati hubaki kimeshikana hata kikipasuka. Karibu na mlango, kwenye ngazi, bafuni, au pale ambapo kioo kinashuka hadi karibu na sakafu, aina hizi mbili za mwisho zinastahili gharama yake, kwa sababu hapo ndipo mtu huteleza au mtoto hugonga.

Vipimo huchukuliwa lini, na vipi?

Vipimo vya dirisha jipya huchukuliwa ukutani, kwa mkono wa yule atakayelitengeneza. Kunakili vipimo vya fremu ya zamani au vya ramani ya nyumba ni kujitafutia hasara. Kama ukuta utapigwa lipu upya, kipimo cha mwisho kisubiri lipu ikamilike, la sivyo makubaliano yaandikwe kuhusu unene wake.

Fundi makini hupima upana mara tatu, juu, katikati na chini, kisha kimo mara tatu, kulia, katikati na kushoto. Huchukua kipimo kidogo zaidi katika kila upande na kupunguza milimita chache za nafasi ya kujazia. Halafu hupima ulalo, kutoka pembe hadi pembe. Kwenye uwazi wa sentimita 120 kwa 120, kila ulalo unapaswa kukaribia sentimita 170. Ulalo mmoja ukizidi mwingine, uwazi umekaa upande, na lazima ijulikane mapema kama ukuta utarekebishwa au pengo litajazwa. Pengo pana lililojazwa silikoni tupu halidumu.

Mwenye nyumba aandike vipimo hivyo naye, dirisha kwa dirisha, akilipa kila moja namba. Fremu ikija pungufu kwa sentimita 3, karatasi hiyo itaonyesha nani alikosea.

Maandishi, na lugha ya maandishi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Uganda inakwenda mbali zaidi. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010, mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za fedha, ambazo ni shilingi 500,000, lazima uwe wa maandishi. Nyumba yenye madirisha machache tu huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Sheria hiyo inatambua pia ujumbe wa kielektroniki unaoweza kusomwa tena baadaye kuwa ni maandishi. Kwa hiyo ujumbe wa simu wenye vipimo, bei na tarehe usifutwe.

Mkataba mzuri hauhitaji kurasa nyingi. Unataja majina kamili na anwani za pande zote mbili, idadi na vipimo vya madirisha, aina na unene wa fremu na vioo, rangi, grili, nyavu, bawaba na komeo. Unaeleza pia nani ataondoa fremu za zamani na nani atabaki nazo, kwa kuwa chuma chakavu kina soko. Unasema nani atarudishia lipu na rangi iliyobomoka, kazi itaanza na kumalizika lini, na fundi atarudi bila malipo kwa muda gani dirisha likivuja. Useme vilevile kama bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kwa kuwa kiasi hicho kikitokea mwishoni huzua ugomvi.

Maandishi hayo humlinda fundi pia. Wako wateja ambao kazi ikifika katikati huongeza dirisha moja, hubadili rangi, kisha hukataa kulipa zaidi ya bei ya awali. Kila nyongeza iandikwe na kuwekwa bei kabla ya kutekelezwa.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kuna jambo la ziada. Mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza, na si haba wanaotia sahihi kwa aibu ya kuuliza. Uganda ina sheria ya tangu enzi za ukoloni inayowalinda wasiojua kusoma na kuandika. Kwa sheria hiyo, asiyejua kusoma ni pamoja na mtu asiyeweza kusoma na kuelewa lugha ambayo waraka husika umeandikwa. Mtu aliyesoma Kiswahili maisha yake yote, lakini haelewi Kiingereza, anaingia katika ulinzi huo anapowekewa waraka wa Kiingereza mbele yake. Anayemwandikia waraka wa namna hiyo anatakiwa kuandika jina lake kamili na anwani yake, na waraka uwe umesomwa na kufafanuliwa kwa mhusika.

Kwa hiyo hakuna aibu kusema: "Fundi, nisomee kwa Kiswahili kwanza." Bora zaidi, makubaliano yaandikwe kwa lugha zote mbili, na shahidi anayezielewa zote atie sahihi. Wengi humwita mwenyekiti wa LC1 awe shahidi, na huo ni utaratibu mzuri, mradi naye asomewe kilichoandikwa.

Fedha zitoke kwa hatua

Ombi la fedha za vifaa si dalili ya ulaghai. Mafundi wengi wa Katwe na kwingineko hawana akiba ya kununua chuma na vioo vya mteja kabla ya kulipwa. Swali ni jinsi fedha hizo zinavyotolewa.

Tuchukue mfano wa kazi ya shilingi 4,000,000, ambapo vifaa ni 2,600,000 na ufundi ni 1,400,000. Kiasi hiki ni cha kuelezea tu, wala si bei ya soko. Badala ya kumkabidhi fundi milioni tatu mkononi, mwenye nyumba anaweza kwenda naye dukani, akalipia vifaa mwenyewe na kuchukua risiti yenye jina lake. Vifaa huwa mali yake tangu hapo. Fedha za ufundi hugawanywa: 400,000 fremu zikiisha kutengenezwa na kukaguliwa karakana, 600,000 zikiisha kufungwa ukutani, na 400,000 za mwisho baada ya dirisha kujaribiwa kwa maji. Fungu hilo la mwisho, ambalo ni sehemu ya kumi ya gharama yote, ndilo linalomrudisha fundi kumalizia kasoro.

Dukani, aangalie alama ya ubora ya Q ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, kwenye bidhaa zinazoibeba, na aombe risiti ya mfumo wa EFRIS pale duka linapopaswa kuitoa. Malipo kwa njia ya simu huacha kumbukumbu ya tarehe na kiasi. Anayelipa taslimu adai hati ya kupokelea yenye sahihi.

Kabla ya yote hayo, aombwe fundi aonyeshe madirisha aliyoyafunga miaka miwili au mitatu iliyopita, si ya mwezi jana pekee, kwani dirisha huonyesha tabia yake baada ya misimu kadhaa ya mvua. Na makadirio ya bei ya mafundi watatu yalinganishwe kwa vifaa vilevile. Bei ya kioo cha milimita 3 haiwezi kulinganishwa na ya milimita 5.

Grili: kinga inayoweza kugeuka mtego

Grili ni sehemu ya dirisha katika nyumba nyingi za mijini, na hofu ya wezi inaeleweka. Lakini grili iliyochomelewa pande zote huziba pia njia ya mwenye nyumba. Moto ukianzia sebuleni au mlangoni usiku, aliyelala chumbani hubaki na dirisha peke yake, na moshi haumpi muda wa kutafuta msumeno.

Jambo hili liamuliwe fundi akiwa bado karakana. Kila chumba cha kulala kiwe na angalau dirisha moja ambalo grili yake ina kipande chenye bawaba kinachofunguliwa kutoka ndani, kipana kiasi cha kupitisha mabega ya mtu mzima. Kikifungwa kwa kufuli, ufunguo ukae mahali pamoja daima, karibu na dirisha lakini mbali na mkono wa aliye nje, na kila mtu wa nyumba, watoto kwa wageni, apajue. Dirisha lenyewe nalo lifunguke vya kutosha, kwani grili pana nyuma ya dirisha dogo haisaidii. Kwenye ghorofa, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10, ili mtoto mdogo asipenye.

Kipande hicho huongeza gharama kidogo ya bawaba na kuchomelea. Kukikata baadaye kwenye grili iliyokwisha kufungwa ni kazi ya kelele, cheche na rangi kuharibika, na ndiyo sababu wengi huahirisha mpaka wakasahau.

Mbu na hewa

Malaria bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoisumbua sana Uganda, na mbu wanaoieneza huuma zaidi usiku. Wavu uwe kwenye fremu yake inayotolewa ili uoshwe, usipigiliwe misumari juu ya dirisha. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha ya nyumba nyingi yawekewe wavu pia, la sivyo mbu watapita juu wakiacha chini kumezibwa vizuri. Hata hivyo, wavu wa dirisha hauondoi haja ya chandarua kitandani.

Baadhi ya mafundi, wakifunga alumini, huziba matundu hayo kabisa ili ukuta upendeze. Chumba kikikosa hewa hupata unyevu na ukungu, na maradhi ya kifua huambukizana kwa urahisi zaidi kati ya wanaolala pamoja. Hatari kubwa zaidi ni jiko la mkaa. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Jiko linalowaka lisiingizwe katika chumba cha kulala kwa hali yoyote.

Siku ya kupokea kazi

Ukaguzi ufanyike mchana, fundi akiwepo. Pima maji iwekwe juu ya fremu na pembeni. Kila dirisha lifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, komeo lishike bila kulazimishwa. Sehemu ya chini ya dirisha, upande wa nje, iwe na mwinamo wa kutupa maji mbali na ukuta. Kwenye alumini, vitobo vidogo vilivyo chini ya reli ni vya kutolea maji, na visizibwe kwa silikoni wala kwa lipu.

Kisha maji yamwagwe kwa mpira au ndoo kutoka nje, kuanzia chini kupanda juu, huku mtu mwingine akitazama ndani kwa dakika kadhaa. Kuanzia chini husaidia kutambua maji yanaingilia wapi. Picha zipigwe, kasoro ziorodheshwe, tarehe ya marekebisho iandikwe. Fungu la mwisho litolewe orodha ikiisha.

Mambo yakiharibika

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma aifanye kazi yake kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Takwa hilo lipo hata kama mkataba haukulitaja. Kwa hiyo fundi aliyefunga dirisha linalovuja hawezi kujitetea kwamba hakuahidi lisivuje.

Hatua ya kwanza ni kumweleza kwa maandishi kasoro na siku ya mwisho ya kurekebisha. Akikaa kimya, mwenyekiti wa LC1 anaweza kuwapatanisha, na mahakama za mabaraza ya mitaa husikiliza madai madogo karibu na nyumbani. Dai lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza pia kupelekwa kwa utaratibu wa madai madogo katika mahakama ya hakimu. Mdai huanza kwa kumpelekea mdaiwa notisi ya kumtaka alipe ndani ya siku 14, na kesi huendeshwa bila mawakili, kila upande ukijieleza wenyewe. Anayehitaji mkalimani aseme hivyo mapema kwa karani.

Katika ngazi zote hizo, atakachoulizwa mlalamikaji ni kilekile: mlikubaliana nini, ulilipa kiasi gani, lini, na kasoro iko wapi. Aliye na karatasi ya vipimo, mkataba uliofafanuliwa kwa lugha anayoielewa, risiti na picha, atajibu maswali hayo kwa dakika chache.